Saa Saba Nilizozisahau

Mama yetu ana mwiko wake: mtu wa nyumba hii akisafiri, yeye hatii kitu mdomoni mpaka asikie amefika. Tulipokuwa tunateremka bondeni Mtowisa kununua mchele haikuwa shida. Barabara ni mbaya, lakini jioni umefika, naye anakula. Hata safari za Mbeya alizimudu. Ila mwaka jana mdogo wangu alipopata kazi Toronto, nilipata wasiwasi mapema, maana mama ana ugonjwa wa sukari.

"Ni masaa mangapi?" aliniuliza.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sikosi jibu. Kilomita elfu kumi na mbili na ushei, nikamwambia kwa madaha. Kisha nikatazama tiketi: kuondoka Dar es Salaam saa kumi na moja jioni, kutua saa moja na nusu asubuhi. Nikahesabu kwa vidole. "Kumi na nne na nusu, mama. Ukiamka tu, amefika."

Akala ugali wa ulezi saa kumi, akanawa mikono, akafunga.

Kesho yake saa moja na nusu ikapita. Saa mbili. Saa tatu. Simu ya mdogo wangu haipatikani. Mama amekaa na rozari yake, kajitanda kitenge kwa baridi ya Julai. Nilimkasirikia mdogo wangu, nikaukasirikia mtandao, kisha hasira ikaisha ikabaki hofu tupu. Hata redio niliogopa kuifungua.

Ili nisiendelee kuitazama simu, nikachukua madaftari ya wanafunzi nisahihishe. Swali la tano nililitunga mwenyewe: mji wa mashariki ukiwa adhuhuri, mji wa magharibi ni saa ngapi? Mmoja alikuwa amesahau kutoa tofauti ya saa. Nikamwandikia kwa kalamu nyekundu: "Unadhani jua linachomoza kote kwa pamoja?" Nikasoma nilichoandika, nikaitafuta tena ile tiketi.

Nilipiga hesabu upya. Atatua saa nane na nusu mchana, kwa saa zetu.

Nikaenda kupiga magoti mbele ya mama. "Mama, nimekosea. Kule wako nyuma yetu kwa saa saba. Mtoto yuko salama tu. Kunywa uji."

"Umejuaje yuko salama?"

Nikaitazama simu tena.

"Bado yuko angani?"

"Bado, mama."

"Basi na mimi bado."

Kufika saa saba mikono yake ilikuwa inatetemeka na jasho linamtoka, baridi yote ile. Nilimwekea kikombe cha uji wa sukari, akakisukuma. Nikajiona ninamuua mama yangu kwa hesabu ya kidato cha pili.

Saa tisa kasoro dakika chache ujumbe ukaingia: "Nimefika. Mwambie mama ale."

Alikunywa uji wote bila kupumzika. Alipopata nguvu kidogo akafuta mdomo, akanitazama.

"Sasa piga hesabu vizuri. Kurudi ni masaa mangapi?"

"Ni yale yale, mama," nilimjibu.

Tiketi ilikuwa ya kwenda tu.