Pale Ngazi Inapokata Kona

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, mama mkwe wangu aliporudi kutoka Lamu alikokwenda kuwatazama nduguze. Tulikuwa tukikaa nyumba moja hapa Mji wa Kale, yeye ghorofa ya juu, mimi na marehemu bwana wangu ghorofa ya kati. Alipanda ngazi polepole, akafika pale inapokata kona, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta mpya wa mbao, nashona, na nilisikia pumzi zake kabla sijasikia sauti yake.

Ukuta ule ulikuwa wangu. Kabla ya kuolewa nilifanya kazi katika kiwanda cha sabuni kando ya maji, upande wa Kilindini, nikifunga vipande vya sabuni kwenye karatasi. Harufu ya mbata, zile nazi kavu za kukamulia mafuta ya sabuni, ilikuwa haibanduki kwenye nywele hata ujifukize udi mpaka jirani akohoe. Nilipoacha kazi nilikuwa nimejipatia cherehani, nikawa napiga pindo leso za duka moja la Biashara Street. Lakini cherehani ilikosa mahali. Nyumba zetu unazijua, vyumba vyembamba, boriti za mikoko ndizo zilizopanga upana wake. Ila pale ngazi inapokata kona paliachwa pana, pa kutosha kulaza kitanda, na hapakuwa na kitu. Hata mtungi.

Palinishangaza mahali pale tangu siku ya kwanza nilipoingia bibi arusi. Nilikuwa nikipita najiuliza, hawa waliojenga walikuwa na akili gani, chumba cha kulala wakakibana, ngazi wakaipa uwanja? Nikajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nilikuwa karibu na watu wa kuwauliza, tena wengi, lakini ujana una haraka zake. Mama mkwe alipoondoka, nikamwita seremala, akanipigia ukuta na mlango mdogo. Bwana wangu aliupenda. Tukaacha njia ya mtu mmoja kupita.

Basi siku ile alisimama, akateremsha kikapu chake, akanisalimu vizuri. Kisha akauliza, "Ukuta huno wa nini, mwanangu?"

"Wa chumba cha cherehani, mama."

"Alaa. Na mimi mutanipisha wapi?"

"Si hapo, mama. Njia tumekuachia."

Akatazama njia ile kwa makini, akaipima kwa mabega yake. "Hapo nitapita madhali nina miguu," akasema. "Nauliza siku ile nitakapokuwa sina."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa niliacha kushona, nikatoka nje ya ukuta. Hakugomba, wala hakutaka nimwombe radhi. Alikaa pale pale kwenye kidato akanihadithia habari ya nyumba moja ya mtaani kwetu. Mwenyewe alijenga kabati la ukutani kwenye kona ya ngazi, kabati zuri la kupendeza. Mamake alipofariki, jeneza likapanda kwa kuinamishwa, lakini lilipokuwa na mtu ndani halikuweza kugeuka. Walijaribu hivi, wakajaribu vile. Mwisho wakamteremsha dirishani kwa kamba, na mtaa mzima uko chini unatazama juu. Mwanamke aliyeishi umri wake wote katika buibui na sitara, safari yake ya mwisho ikawa hewani.

"Aliyejenga hini nyumba alijua hayo," akasema. "Hakuacha uwanja. Aliacha njia."

Vyaelea, vimeundwa. Pale mahali patupu palikuwa na kazi yake, ila kazi yenyewe huja mara moja kwa miaka mingi, na ikija haina subira. Bwana wangu aling'oa mbao zile kesho yake. Sitakudanganya, mwanangu, nilinuna. Cherehani ilikwenda kukaa chini ya dirisha la chumba cha kulala, na kila nikishona usiku bwana wangu alilalamika kelele, nami nikazidi kukanyaga makusudi.

Mama mkwe aliishi sana baada ya hapo, akawaona wajukuu. Siku yake ilipofika, sisi wanawake tulimwosha na kumsitiri, wanaume wakapanda na jeneza la msikitini. Kwetu wanawake hatwendi makaburini, kuaga kwetu ni pale juu ya ngazi. Nilisimama nikatazama chini. Walifika kwenye kona, wa mbele wakazunguka, wa nyuma wakangoja, jeneza likageuka likiwa sawa bin sawia, na shuka lililolifunika halikugusa ukuta. Nililia kwa majonzi, lakini ndani yake mlikuwa na shukrani, na niliitaja kwa mdomo wangu mbele za watu. Nilisema, mama, njia yako hiyo.

Sasa kwa nini nakuhadithia haya leo? Kwa sababu kile kiwanda changu cha sabuni kilifungwa zamani, mabati yakaliwa na kutu, popo wakahamia, na sasa panajengwa mtaa mpya. Mjukuu wangu Swaleh ni mmoja wa vijana wanaochora ramani zake. Kuna nyumba za ghorofa, maduka, madrasa, na njia ya kupunga upepo kando ya maji watu watembee jioni kama pale Mama Ngina. Aliponionyesha ramani ya mwanzo, mahali pa kiwanda pameandikwa kiwanja kitupu. Nikamwambia, kitupu vipi, na mimi nilikuwamo?

Alidhani nitapinga. Wazee tunasifika kwa kupinga, kila jambo usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nina hamu nao mtaa ule, na hamu yenyewe hainipi usingizi. Magoti yangu yamechoka na ngazi, na Swaleh anataka nihamie naye kule, ghorofa ya sita, nione bahari kutoka kitandani. Jengo la kwanza likakaribia kwisha, akanichukua kwenda kulitazama. Nilimuuliza maji ya mvua yatakwenda wapi, kuku wa sikukuu atachinjiwa wapi, jirani akigombana na mkewe nitasikia au nitapitwa. Alicheka akajibu yote. Kisha tukaingia kwenye lifti, chumba kidogo chenye vioo, kizuri kweli.

"Swaleh," nikamwambia, "hebu lala hapo chini."

"Nilale, nyanya?"

"Lala unyooke."

Kijana ana heshima, akajilaza na suruali yake ya ofisini. Mjukuu wangu ni mrefu. Kichwa kiligusa kioo cha nyuma, na miguu ikabaki nje kuanzia magotini. Mlango ukaja kufunga, ukamgusa, ukarudi. Ukaja tena, ukarudi. Mafundi waliokuwa pale walicheka, na mimi nilicheka, mpaka nikamwona Swaleh hacheki. Amelala anatazama dari, ameshajua ninauliza nini.

"Na ngazi zenu?" nikamuuliza.

"Nyembamba, nyanya," akasema taratibu.

Alinirudisha nyumbani, na alipofika kwenye kona ya ngazi yetu alisimama, akanyoosha mikono yote miwili, akageuka.

Mwanangu, wewe uliye na kalamu ya kuchora mji, au nyundo ya kuuvunja, sikiliza neno langu. Ukikuta mahali patupu, usifurahi haraka. Uliza panangoja nini. Muulize anayepapita kila siku, na umuulize kabla hujamwita seremala. Jenga madirisha ya kutazama bahari, ni haki yako na macho yako, lakini mtu haingii tu nyumbani, hutoka pia, na nyumba isiyokupa njia ya kutoka kwa heshima hiyo umepanga tu, hata kama umeinunua.

Juzi Swaleh alinipigia simu. Akasema wamekaa kikao kirefu, majengo yaliyobaki yamechorwa upya, kila moja litakuwa na lifti ndefu kama ya hospitali, na la kwanza litavunjwa ukuta mmoja.

"Umelala ndani yake?" nikamuuliza.

"Hiyo ya mfano tuliyoiunda nimelala, nyanya. Mlango ulifunga."

"Basi tafuta mahali pa cherehani. Naja."

Mola akupe umri, mwanangu, na wa kuishi nao. Akufungulie milango ya kuingilia kwa vigelegele, na siku ya kutoka akupe wa kukuchukua, kona ya kugeukia, na sitara mpaka mwisho wa njia. Amin.