Saa Kumi na Tisa Zilizobaki kwa Diski za Dalila

Zamani picha ya ndoa ilikaa ukutani ndani ya kioo, na mgeni aliiona kabla hajapewa kiti. Leo inakaa ndani ya kisanduku cheusi kisichoweza kukuonyesha hata pua ya baba yako bila umeme, neno la siri na mtu wa kukiamsha.

Visanduku hivyo sivipendi na sitajifanya navipenda. Lakini mwenye kisanduku ninachotaka kukisimulia ni jirani yangu Dalila, na yeye ni mtu wa kuandikwa.

Baba yake, marehemu Mahamudi, aliuza vitambaa katika soko la Uvira. Alipima kwa mkono wake, kutoka ncha ya vidole hadi kiwiko, na kila mara aliongeza vidole viwili vya bure. Siku hizi wanapima kwa mita ya plastiki na hawakuongezei hata uzi. Mahamudi alitaka binti yake airithi ile meza. Akamtuma Bujumbura kuleta vitenge, binti akarudi na kamera. Mzee hakumsemesha wiki mbili. Wiki ya tatu alivaa kanzu safi, akasimama mbele ya meza yake, akasema, "Haya, piga."

Kwa miaka kumi na tano Dalila amepiga picha za ndoa kuanzia Kavimvira hadi bandarini. Waislamu wenzake wanamwita, na Waprotestanti wanaoshuka kutoka milimani wanamwita. Ana sheria moja: hapigi picha ya mtu anayekula. Anasema sura ya mtu anayetafuna ni ya nyumbani kwake, haitoki nje.

Halafu ulikuja mwaka wa mafuriko. Maji yaliingia majumbani, na maji hayachagui kabati. Yalipoondoka, watu wa avenyu yetu walianika albamu zao kwenye mchanga, katikati ya samaki wadogo wa ndagala, na picha zikaanza kujikunja kama majani ya tumbaku. Dalila hakungoja kuombwa. Siku tisa alitembea ameinama kwenye jua, akipiga picha ya kila picha kabla haijafutika. Nyumba arobaini na mbili. Nyingi za zile karatasi zilioza baadaye, zikatupwa. Kilichobaki cha nyuso za wazazi wetu kilikuwa kwake.

Ndugu yake aliye Ubelgiji akamtumia kile kisanduku, na ndani yake diski mbili za okazio, zilizokwisha kufanya kazi miaka katika ofisi fulani huko. Kiliwekwa sebuleni juu ya rafu. Mtu akiingia pale na simu yake, akapewa neno la siri, aliona picha zote bila intaneti. Diski zote mbili ziliandikwa kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Nilikiri kwamba hapo walifikiri vizuri.

Jumatatu moja Dalila aliingia kwangu ameshika simu, uso umemkauka.

"Jambo, Papa Kitenge. Ile kamusi yako ya Kifaransa ungali nayo?"

"Minye niko na kamusi tangu mama yako hajakuzaa. Kuna nini?"

"Nisomee hii polepole. Nimeisoma mara tatu na sitaki kuamini."

Lilikuwa tangazo la waliotengeneza zile diski. Nilisoma, nikafungua kamusi mara mbili, nikasoma tena. Walisema hivi: kila diski ina programu ndogo inayokaa ndani yake yenyewe na kuiambia namna ya kuzunguka. Katika diski za aina ile programu hiyo ina kosa. Diski ikifikisha saa elfu arobaini za kazi, inasimama, haiamki tena, na kilichomo hakitoki. Dawa ni mise à jour, yaani kuandika programu mpya juu ya ile ya zamani kabla saa hazijatimia.

"Na zako zimefika ngapi?"

"Elfu thelathini na tisa, mia tisa themanini na moja."

Nilifanya hesabu. "Zimebaki saa kumi na tisa."

"Zote mbili, Papa. Zilianza kazi siku moja kule Ulaya. Zitakufa siku moja."

Alikuwa amekwisha kukichomoa kisanduku ukutani. Kuhamisha picha zote kwenye kompyuta yake ya zamani kusingewezekana: haikuwa na nafasi, na saa kumi na tisa zisingetosha. Ilibaki ile dawa. Lakini mwisho wa tangazo palikuwa na mstari mweusi: umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski inaweza kugeuka jiwe.

Zamani taa ya mafuta ilikufa ukaiwasha tena, haikugeuka jiwe. Nilimwambia hivyo.

"Papa Kitenge," akajibu, "taa yako ya mafuta ilihifadhi picha ngapi?"

Sasa, umeme wetu unakuja kwa zamu, na nyumba zote za avenyu zinaning'inia kwenye waya mmoja. Ukifika tu, kila mtu anachomeka kila alicho nacho kana kwamba dunia inakwisha jioni: pasi, friza, redio, mashine ya kuchomelea vyuma. Waya unachoka, fyuzi ya nguzoni inaruka, giza. Betri ya Dalila ya kushikilia umeme ilikwisha kufa, na paneli yake ya jua iliweza taa mbili na simu tu. Njia ilikuwa moja: avenyu nzima izime vyombo kwa nusu saa, ili kisanduku kile kipate umeme peke yake.

Jumatano saa nne asubuhi umeme ukaja. Dalila alikuwa akifuta vumbi la rafu, kitenge kimefungwa kiunoni, kingine kichwani. Alitoka vilevile, hata viatu hakuvaa.

Alianza kwa Gratien, mchomeleaji. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia.

"Gratien, kaka yangu, zima mashine nusu saa."

"Dalila, niko na mlango wa muntu hapa! Imebaki bawaba moja!"

"Picha za ndoa yako ziko katika kile kisanduku, na kinataka kufa. Ndoa ya kwanza na ya pili."

"Okoa ya pili. Ile ya kwanza iache ife." Lakini alizima.

Kwa Amandine, mwenye friza ya samaki, ilikuwa vita kidogo.

"Samaki zangu zitaoza!"

"Kwa nusu saa, mama? Hizo zilikaa siku mbili kwa jua mbele ya kukufikia weye."

"Mdomo huo, Dalila, ndiyo sababu hujapata bwana mwingine!" Akacheka, akachomoa waya.

Hao wawili aliwaeleza. Kwa wengine hakuwa na muda, umeme ungeweza kwenda wakati wowote. Alipita mlango hadi mlango mbio mbio: "Zimeni muziki, zimeni vyombo, tafadhali, nusu saa tu, nitawaeleza baadaye." Wote walizima. Hakuna aliyeuliza neno.

Hilo lingetushtua, kama tungekuwa na akili. Kwetu, mwanamke akipita mchana bila viatu, kitenge kiunoni na kitenge kichwani, akiomba muziki uzimwe, haulizwi sababu. Kumuuliza ni kukosa adabu. Unazima, unachukua ulicho nacho, kiti, makala ya kuwashia moto au unga, unakwenda nyumbani kwake kulia. Na watu wote walijua kwamba mama yake, Bibi Safi, alikuwa ndani miezi mitatu na ugonjwa wa miguu. Mimi ninayelalamika kila siku kwamba desturi zimekufa, niliketi sebuleni kwa Dalila mbele ya kompyuta, kamusi yangu mapajani, sikuona kitu.

Tulianza. Mimi nilisoma maagizo, yeye alibonyeza. Diski ya kwanza: asilimia kumi, thelathini, sabini. Dalila hakupumua, au alipumua nisipoona. Mia. Taa ya kijani ikawaka. Akaanza ya pili.

Ilikuwa imefika asilimia arobaini tuliposikia kilio kwenye lango la parseli, ua wa Dalila. "Wooo, Mama Safi! Wooo, umetuacha!"

Dalila alinitazama. "Nani amekufa?"

"Nadhani ni mama yako," nikasema, maana ndipo akili iliponijia.

Waliingia kama maji. Wanawake walitandika mikeka, wanaume walipanga viti, mtu aliweka gunia la makala mlangoni. Mukabera, anayeleta maziwa kutoka milimani, alipiga magoti katikati ya sebule akaanza sala ndefu. Amandine naye alikuja, akilia kwa sauti kuliko wote. Alipoona wengine wanapita na unga alidhani mama mtu ameaga dunia palepale baada ya Dalila kutoka kwake. Dalila alipiga kelele, "Hakuna aliyekufa! Nendeni!" lakini kila mfiwa husema maneno ya ajabu, na wanawake wawili walimshika mabega kwa huruma wakitaka kumketisha mbali na kompyuta. Asilimia hamsini na tano.

Hapo akaingia Sévère, yule anayekodisha viti na spika za misiba. Alikuja na spika kubwa kama kabati, waya begani, akitafuta pa kuichomeka. Katika sebule ile palikuwa na soketi moja. Aliinama, akashika plagi ya kisanduku.

"Sévère, acha!" nikapiga kelele.

"Papa, msiba hauna wimbo?"

"Weye! Toa mukono!"

Sauti ilitoka chumba cha nyuma. Mlango ulifunguka, na Bibi Safi akatokea ameshika ukuta, nguo ya kulalia, nywele nyeupe zimesimama. Kilio kilikatika ghafla. Mukabera aliacha sala kwenye nusu ya neno. Sévère aliachia plagi, akaangusha waya, akarudi nyuma hadi akakaa juu ya spika yake.

"Munalilia nani?" Bibi Safi akauliza.

Amandine akasema kwa sauti ndogo, "Weye, mama."

"Minye?" Alijitazama miguu, mikono, kana kwamba anahakikisha. "Nani alisema?"

"Dalila alipita milangoni..."

"Mama," Dalila akasema, macho kwenye kompyuta, "usiwaache waguse huo waya. Dakika saba tu."

Bibi Safi hakuuliza ni waya wa nini. Alikokota kiti kimoja cha Sévère, akakiweka mbele ya soketi, akaketi, miguu yake mibovu ameinyoosha pande zote mbili kama bariyeri ya mpakani. "Atakayegusa, kilio kitakuwa cha kwake."

Watu zaidi ya thelathini walikaa kimya dakika saba mbele ya kisanduku. Hata katika misiba ya kweli sijaona kimya cha namna ile. Themanini. Tisini na sita ilikaa muda mrefu mno, nikafunga kamusi. Halafu mia, na taa ya pili ikawaka kijani.

Dalila aliweka kichwa mezani akacheka mpaka akalia, ndipo akawaeleza. Wengine walikasirika.

"Kwa hiyo tumelia bure?" Amandine akauliza, akifuta uso.

"Mukiweke kilio hicho," Bibi Safi akamjibu. "Mutakitumia siku yenyewe."

Unga ulikuwepo, makala yalikuwepo, viti vilikuwepo, na Amandine alikuwa na samaki aliodai wangeoza. Walipika bugali. Dalila aliunganisha kisanduku na televisheni, na watu wakala wakitazama wazazi wao. Gratien aliomba ndoa ya kwanza irukwe. Walimwonyesha mara mbili. Niliona baba yangu kijana, amevaa koti la kuazima. Hayo ndiyo mambo ninayosema yamekwisha, jirani kukaa na jirani mchana kutwa bila kuangalia saa. Ilibidi wadanganyike kwamba mtu amekufa ndipo wakae.

Lakini dawa ni dawa mgonjwa akipona. Siku zilizofuata, kila umeme ulipokuja, Dalila aliwasha kisanduku, na namba ilipanda: mia tisa tisini, tisini na tano. Watu walipita mlangoni wakiuliza, "Imefika ngapi?" kama wanavyouliza hali ya mjamzito. Jumatatu mchana iligonga elfu arobaini. Nilikuwepo. Diski zilizunguka, sauti yao ileile ya nyuki wa mbali. Elfu arobaini na saa moja. Dalila aligusa kisanduku kwa kiganja, kilikuwa na joto kidogo, akasema, "Basi. Lakini mapacha hawa hawatalala tena nyumba moja."

Mwezi wa saba ndugu yake alipata daktari wa miguu ya Bibi Safi huko Bujumbura, wakaamua kuhamia kwa shangazi yake Dalila anayeishi hukohuko. Dalila aliacha kisanduku na diski moja kwa Amandine, juu ya friza, pamoja na neno la siri lililoandikwa kwa kalamu ukutani ili mtu yeyote alione. Wanasema hiyo si siri tena. Nami nasema ndivyo picha zilivyokuwa zamani. Diski ya pili alikwenda nayo.

Mara ya mwisho niliwaona Kavimvira, karibu na mpaka, katikati ya wabadilisha pesa. Walipanda pikipiki moja, Bibi Safi katikati, akimgombeza dereva kwa mwendo ambao hajauanza bado. Tuliwapigia kelele za kwaheri. Dalila aligeuka akacheka, lakini mkono mmoja ulishika diski kifuani, mwingine ulimzunguka mama yake, na hakubaki na mkono wa kutupungia.