Vigelegele Kwenye Roshani ya Wanawake

Hidaya, Mwislamu wa Bujumbura aliyehamia mtaa wa Molenbeek, Ulaya, alikuwa amemhudumia Maman Régine, bibi kizee wa Kiyahudi, kwa miaka mingi, akimwogesha, akimpikia, na kugombana naye kuhusu chumvi. Lakini hakuwahi kuingia naye sinagogi, mpaka Jumamosi ile mjukuu wa bibi huyo, Élie, aliyekuwa karibu kuoa, alipoitwa kusoma Torati mbele ya watu.

Humo wanaume hukaa chini, wanawake juu kwenye roshani. Lifti hakuna. Msimamizi mmoja alikuwa amemwekea Maman Régine kiti huku chini, pembeni, nyuma ya pazia.

"Nyuma ya pazia nitaona nini? Visigino?" akauliza Maman Régine. "Mahali pangu ni juu, safu ya mbele. Nimekaa pale tangu nilipoolewa."

"Bon," Hidaya akasema, akiinama. "Panda mgongoni."

Alimbeba kama mtoto, magoti yakimlia kila ngazi, bibi wa watu akimchekea sikioni. Juu, wanawake wakawapisha. Hidaya akaketi, akahema, akatazama: mikoba, watoto wachanga, minong'ono kuhusu kofia ya fulani. Akatabasamu. Kwao Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, pia wanawake walikuwa na upande wao msikitini, na habari zote za mtaa zilipitia huko.

Ila palikuwa na ubaridi. Ndugu wa Élie walikaa kulia. Ndugu wa bibi harusi, wenye asili ya Moroko, kushoto. Salamu zao ziliishia kwenye kutikisa kichwa.

Élie alipomaliza kusoma, wanawake wakaanza kumrushia pipi kutoka roshani, desturi ya kumtakia maisha matamu. Maman Régine akamjaza Hidaya kiganja. Hidaya akarusha, furaha ikampanda, na kabla hajajizuia, akapiga vigelegele.

Wanaume wakainua nyuso. Hidaya akatamani kujificha chini ya benchi.

Ndipo Simha, bibi yake bibi harusi, aliposimama kule kushoto na kujibu kwa vigelegele virefu kuliko vya Hidaya.

"Kwetu Meknes, harusi bila hivi si harusi!" akasema.

Binti zake wakaitikia. Maman Régine naye akajaribu, ikamtoka sauti kama ya birika linalochemka, roshani nzima ikaangua kicheko. Simha akavuka, akajibana kati yao, akaanza kumfundisha namna ya kuchezesha ulimi.

Chini, msimamizi aligonga meza kuomba utulivu. Akagonga tena. Kisha akaacha, akaokota pipi iliyomwangukia begani, akaila.