Ufa Kwenye Uso wa Mama

Kaka yake alimwibia uso wa mama yao. Hilo lisemwe kwanza, mengine yafuate. Aliuchukua mchana kweupe, akaupaka vanishi, akausimamisha kwenye ukumbi wa hoteli mpya na kuwaambia watu waliovaa viatu vya kung'aa: "Huu nimeuchonga mwenyewe, kwa mikono yangu hii." Mwanamke aliyeuchonga alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kitambaa mkononi, anafuta glasi zao.

Mtaani walimwita Mama Vumbi. Jina alipewa na wifi yake, mke wa huyo kaka, na hakumpa kwa mapenzi. Baba yao alipofariki aliacha karakana ya useremala. Kaka akarithi randa, misumeno na meza ya kazi. Yeye akarithi ufagio. Shule hakupelekwa, maana walisema akienda, nani atapika? Basi akapika, akafagia, akakulia humo humo, vumbi la mbao likimkaa kichwani mpaka watu wakadhani ni mvi. Mvi zenyewe zilipokuja, hakuna aliyeziona.

Alianza na kipande cha ubao kilichokuwa njiani kwenda jikoni kuwasha moto. Kilikuwa na rangi mbili, nyekundu ikiingia kwenye nyeusi, akakionea huruma. Akakikwangua kwa kioo kilichovunjika, akakilainisha kwa msasa uliokwisha makali, akakitoboa kwa msumari uliowekwa kwenye makaa. Ikawa hereni. Ya pili ilipasuka mkononi, kwa hiyo akavaa hiyo moja, sikio moja.

"Makubwa!" wifi akaangua kicheko. "Naona kuni zimekupanda kichwani."

"Zangu zimefika sikioni tu, wifi. Kuna wenzangu zimejaa ndani ya fuvu."

Ukijifundisha mwenyewe, ada unalipa kwa vidole. Patasi kuukuu aliyoiokota chini ya meza ilimkata mara nyingi kabla hawajazoeana. Alichonga bangili zikakatika, mpaka akaona kwamba mti una nyuzi kama nguo, na ukienda kinyume nazo unakuumbua. Alitengeneza shanga zisizolingana, akazivaa hivyo hivyo kwenda sokoni. Muuza nyanya akamsimamisha akazitaka. Kisha shoga wa muuza nyanya naye akataka. Kaka alipoona wanawake wanapanga foleni mlangoni wakiulizia vidani na wala si vitanda, alinuna siku nzima kama aliyelambishwa shubiri.

Baadaye mti mmoja ulianguka nyuma ya karakana, na Mama Vumbi akaomba gogo. Hapo ndipo alipoingia kwenye sanamu. Mti mbichi ni laini, unakubali kila unachoutaka, lakini una kinyongo: ukiukausha kwa haraka, unapasuka. Alipasukiwa na njiwa, akapasukiwa na mkono wa mtoto, akalia, akaanza upya. Mwishoni akajua dawa. Sanamu akishaichonga aliifukia kwenye sanduku la vumbi la mbao, kivulini, iachie maji yake polepole. Mara moja moja aliifukua na kuigonga kwa kidole. Mti mbichi hukaa kimya, mkavu huitika.

Kaka hakuyajua hayo. Yeye ni fundi wa milango na makabati. Mbao huletewa zikiwa zimepasuliwa na kukaushwa na watu wengine, kama alivyozoea kuletewa chakula.

Mama yao hakuacha picha hata moja. Alipougua, aliyemwosha uso asubuhi na jioni ni binti. Kaka alikuwa na kazi nyingi. Ugonjwa wa mama haukumkuta na nafasi. Kwa hiyo binti hakuhitaji picha. Vidole vyake viliujua ule mfupa wa shavu, kile kishimo cha kidevu, lile jicho la kushoto lililokuwa likikonyeza watu kabla ya mzaha. Aliuchonga uso ule kwa uvumilivu asiowahi kuwa nao kwa mtu aliye hai, akaufukia kwenye sanduku. Alijua utakaa humo muda mrefu.

Haukukaa. Mwenye hoteli, mama mmoja mwenye sauti nzito, alikuja kuagiza milango, akauliza kama fundi anachonga na sanamu. Kaka akasema ndiyo. Akafukua sanduku la dada yake, na alipoukuta uso chini ya lile vumbi akadhani umefichwa. Mwizi akikuta kitu kimefunikwa, hudhani anafichwa yeye.

Siku ya ufunguzi, wifi alimletea ujumbe: "Hotelini wanataka wa kuosha vyombo. Twende ukasaidie, usikae tu na vumbi lako." Akaenda. Ndiyo akausikia ule uongo kwa masikio yake. Watu walipiga makofi. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini hakuna aliyeuliza vimeundwa na nani.

Akauangalia uso wa mama. Walikuwa wameuweka juani, karibu na dirisha la kioo, na kiyoyozi kinaupulizia kutoka juu. Alipita pembeni na sinia, akaugonga kwa kidole. Kimya. Ulikuwa bado mbichi kabisa ndani, na vanishi imeufunika kama tabasamu la mnafiki.

Angeweza kusema. Neno moja tu, "Uondoeni hapo," lingetosha. Mama Vumbi akarudi jikoni, akachukua glasi nyingine, akaifuta mpaka ikalia.

Mvua zilipokuja, kaka alifika kwenye kibanda ambamo dada yake alikuwa akichongea, kofia mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Mdogo wangu? Leo nimepanguswa vumbi?"

Kaka akaizungusha kofia. "Ile sanamu imepasuka. Toka kwenye paji mpaka kidevuni. Ule mti ulikuwa mbaya."

"Mti ulikuwa mbichi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Anayeanua nguo za watu haulizi kama zimekauka."

"Mwenye hoteli anataka niuzibe ufa pale pale, mbele yake. Anataka aone fundi anavyofanya. Nionyeshe tu, nitafanya mwenyewe."

"Nitauziba mimi. Mbele yake, na mbele ya waliopiga makofi. Ila kwanza usimame pale pale uliposimama, useme nani aliuchonga."

"Dada, nitaweka wapi uso wangu?"

"Uweke pale ulipouweka wangu. Mlango wa jikoni."

Kaka akabadili sauti, akaitafuta ile ya msibani. "Lakini ni mama yetu. Utamwacha na ufa usoni, watu wanamtazama?"

Hilo lilimchoma. Patasi ilitulia mkononi mwake. Alitaka kukimbia kule hotelini amshushe mama yake, amfunike.

"Alipokuwa hai hukumwosha uso hata mara moja," akasema. "Leo ndiyo unamwonea uchungu? Nenda, kaka. Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana doa lake halitoki."

Kaka akaenda. Wifi siku hizi akipita hamwiti jina lolote.

Juu ya rafu ya kibanda, ndani ya kitambaa safi, kuna kabari nyembamba ya mti ule ule, kutoka gogo lile lile. Hii ilikaa kwenye sanduku mpaka ikaitika. Mama Vumbi aliichonga kwa kipimo cha ufa ule, baada ya kwenda hotelini na kuupima kwa uzi, akijifanya anapangusa meza. Ikigongwa mahali pake, ufa utaziba, na atakayebaki kujua palipopasuka ni aliyemwosha mama.

Lakini haitagongwa bado. Mwenye hoteli hadaiwi kitu, wala waliopiga makofi, wala wifi na ulimi wake. Anayedaiwa ni kaka, mtoto wa tumbo moja. Deni lake ni sentensi moja, aitoe kwa mdomo ule ule, kwenye ukumbi ule ule: "Aliuchonga dada yangu." Bado hajalipa. Mama naye bado amesimama dirishani na uso wake wenye ufa, anamngoja.