Kisanduku Kilichoniposea

Mkinicheka chekeni tu, jamani, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile sebuleni kwa Mzee Mhina, Muheza, masikio yanapata moto, na mengine mpaka leo sijayaelewa.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia huku Vuga, na nilikuwa na ugonjwa wa redio ya ridhaa, yaani ile ya watu kuzungumza hewani kwa mapenzi tu, bila biashara (leseni ninayo, msinitazame hivyo). Miaka ile soko limefunguliwa, vitu vinamiminika, ukaja mtindo wa kurusha maandishi: unaunganisha redio na kisanduku, kisanduku na kompyuta, unachoandika Vuga kinasomeka Muheza. Aliyenitia ugonjwa huo ni Mzee Mhina, fundi mitambo mstaafu, baba yake Zuhura, na Zuhura ndiye niliyetaka kumwoa.

Mzee alinionya, "Nunua kile cha kawaida. Ukikizima kinasahau kila kitu, huna shida nacho." Mimi na ujuaji wangu, nikafika dukani Tanga, muuzaji akanionyesha kimoja chenye betri yake ndani, kinakumbuka ulichokiamuru hata umeme ukikatika, kina taa za rangi rangi (za nini, sijui), nikaona hiki ndicho kitakachomfanya mkwe aniheshimu.

Jioni ya kuamkia posa nikakijaribu. Kitabu chake nilikisoma juu juu, nikaandika lililokuwa moyoni: "JARIBIO. MZEE MHINA MGUMU KAMA GOGO LA MVULE ILA BINTI YAKE NITAMWOA HATA MZEE AKIKATAA." Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, sikuona dalili yoyote, nikasema kimegoma. Nikazima kompyuta. Redio na kisanduku nikaviacha kwenye betri ya gari, maana kwa akili yangu kompyuta ikilala na vingine vimelala.

Kwa kawaida kijana haendi kwenye posa yake, anatuma wazee. Lakini Mzee Mhina alitaka nije, nimweleze nimechagua mtambo gani na kwa nini. Basi tukateremka, mimi na mjomba wangu aliyekuwa mshenga, tukakuta sebule imejaa wajomba na mashangazi, Zuhura yuko nyuma ya pazia, nikatoa shikamoo mpaka koo likakauka. Mzee, kwa kujisifu kidogo, akawasha kompyuta yake wageni waone.

Haikuchukua muda maandishi yakatokea, na juu yake jina langu la hewani. Mzee akaanza kusoma kwa sauti, alipofika kwenye gogo akapunguza, akamalizia kwa kunong'ona.

"Mwalimu, hii nini?"

"Mzee, mimi si niko hapa? Nitaandikaje?" Na wallahi niliamini ninachosema! "Kuna mwizi nyumbani kwangu!"

"Mwizi? Vuga?" mjomba akaruka. Mashangazi wakaanza yarabi toba. Maandishi yakaja tena, yale yale. Mzee akachukua kipaza sauti akaita Vuga, na aliyejibu ni mama yangu.

"Mama, kuna mwizi huko?" nikapiga kelele.

"Mwizi gani? Niko na kuku wangu. Hili dude lako ndilo linakoroma tangu jana."

"Lizime, mama! Chomoa waya wa betri!"

Kimya. Tukashusha pumzi. Mara, gogo la mvule hilo hapo.

"Mama! Si nimesema uzime?"

"Nimezima, baba. Nimewasha tena ili nikwambie kwamba nimezima."

Mzee Mhina akanigeukia taratibu. "Ulinunua chenye betri ndani. Ulikiamuru kirudie, na hakisahau."

 Mjomba alikuwa ameshainama anatafuta viatu vyake, na mimi nikajua Zuhura ndiyo nimemkosa hivyo, kwa ujinga wa kisanduku.

Pazia likasogea. Zuhura akatoka (binti, kwenye posa yake mwenyewe, mashangazi wakashika vinywa), akapiga goti mbele ya baba yake.

"Baba, samahani. Yeye kishasema atanioa hata ukikataa. Kwani unakataa?"

Mzee akatazama kioo cha kompyuta. Maandishi yakaja tena. Akatikisa kichwa.

"Kwanza akakizime," akasema. "Halafu mshenga arudi tuzungumze mahari, maana huyu nikimkatalia leo atanirudia kila dakika mpaka nife."

Nikaondoka bila kujua nimekubaliwa au nimefukuzwa, mjomba ndiye aliyenifafanulia tulipofika Mombo. Tangu siku hiyo naapa sinunui chombo chochote, hata kiwe na taa nzuri vipi, kabla muuzaji hajanionyesha kinavyonyamazishwa.