Mtoto wa Miezi Kumi na Moja

Siku Zablon alipomwona Mama Recheli kwa mara ya kwanza, alianza kwa kuona miguu. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Zablon alikuwa amelala chali chini ya benchi la kanisa, akikwangua bablishi zilizobandikwa na watoto wa shule ya Jumapili, na miguu ile ikaja ikasimama karibu na uso wake: kandambili mbili zisizofanana rangi, vumbi mpaka kwenye vifundo.

"Wewe ndiye mwenye ufunguo wa vitabu vya waliokufa?"

Akajigonga kichwa akitoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza ufunguo."

Zablon alikuwa mhudumu wa kanisa hilo la Moravian mjini Tabora kwa miaka ishirini na miwili. Alifagia, alipiga kengele, alitunza ufunguo wa stoo. Shule aliishia darasa la saba, lakini wachungaji walihamishwa kila baada ya miaka michache na yeye akabaki, hivyo aliyetaka kujua kitabu cha mwaka fulani kiko kabati gani ilibidi amwulize yeye. Wengi hawakumwuliza, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno. Kwenye vikao alikaa karibu na mlango. Akipewa nafasi ya kuchangia alisema, "Mimi naungana na waliotangulia," hata kama hakuna aliyetangulia.

Mama Recheli alikuwa na miaka sabini, mrefu, mkavu, vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku usiotoka kwa sabuni. Alifungua pindo la kanga akatoa kibati cha shaba, cha duara, chenye tundu juu na namba 2147.

"Huyu ndiye baba yangu," alisema. "Hiki ndicho kilichobaki."

Baba yake aliitwa Nikolaus Ngollo, mtu wa kijiji cha Goweko. Mwaka 1951 alikwenda Kusini, ng'ambo ya Zambezi, kuchimba makaa ya mawe. Huko kila mchimbaji aliacha kibati chake dirishani akapewa taa. Akipanda juu hurudisha taa, naye hurudishiwa kibati. Mwaka 1953 mwamba uliporomoka. Jioni ile kibati namba 2147 kilibaki kimening'inia dirishani, na hivyo ndivyo walivyojua nani yuko chini. Hawakumtoa. Goweko vilifika kibati na blanketi moja. Ukoo ukazika lile blanketi, kibati akaachiwa mkewe.

"Basi habari zake unazo, mama," Zablon alisema. "Unatafuta nini tena?"

"Tarehe aliyoondoka."

Nikolaus aliagwa siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi. Alipuliziwa maji na unga wa mtama kama walivyopuliziwa babu zake waliobeba pembe mpaka pwani, na kama wao hakuruhusiwa kugeuka. Aliyekwisha kuagwa harudi kulala kwake, hata kama amesahau fimbo mlangoni. Recheli alizaliwa tarehe tisa Februari ya mwaka uliofuata. Wazee walihesabu kwa vidole wakapata miezi kumi na moja kasoro siku chache. Mwanzoni walinong'ona. Habari ya mwamba ilipofika wakasema wazi, maana wakati ule kila mtu alijua kinachomuua msafiri: ni mke asiyetulia nyumbani. Kabula, mama yake Recheli, alirudishwa kwao na mtoto mgongoni.

Hakujitetea. Aliulizwa mbele ya kikao, akaulizwa na mama yake mzazi, akaulizwa na bintiye alipokua. Jibu lilikuwa moja mpaka anaingia kaburini. "Baba yako ni Nikolaus. Zaidi ya hapo niliapa."

Watoto walimwita Recheli "Punda", kwa kuwa punda ndiye abebaye mimba miezi kumi na moja. Alipoolewa, wifi zake walilijua jina hilo kabla ya kulijua lake. Alizaa watano, akazika wawili na baba yao. Misimu arobaini alifunga majani ya tumbaku kwenye mabani ya watu, na baadhi ya mabani hayo, yenye moto na moshi wake wa kukausha majani, yalikuwa ya ukoo wa baba yake. Huko wafungaji wengine waliitwa ndani kula. Yeye alitolewa chakula nje.

"Sasa daktari ameniambia jambo kuhusu hili tumbo," alisema, kama mtu anayesimulia habari za jirani. "Nataka kulala Goweko kwa baba, ubavuni mwa lile blanketi. Mayunga, mtoto wa baba yangu mdogo, ndiye mkuu wa ukoo. Ameniambia nilete karatasi. Anajua sijui kusoma."

Zablon akachukua ufunguo.

Mama Recheli alikuja kila baada ya wiki mbili kwa treni, akilala mtaa wa Kanyenye kwa mjukuu wake Julieth, fundi cherehani. Zablon alishusha vitabu, akapangusa vumbi, akafungua ukurasa mmoja mmoja kwa kidole kilicholoweshwa. Mama Recheli alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akivuta ugoro wake na kumhoji.

"Zablon, una mke?"

"Ninaye."

"Wewe huyu? Ulimwambiaje?"

"Aliniambia yeye."

Alicheka mpaka akashika tumbo, na alipomaliza kucheka hakuliachia haraka.

Safari ya tatu walikipata kitabu cha Wakristo wa Goweko. Zablon alisoma mstari kimya, akarudia, na hakuinua macho.

"Soma," alisema Mama Recheli.

"Mama..."

"Soma, si wewe uliyeandika."

"Nikolaus Ngollo. Amesafiri, Machi 1951. Amepewa barua ya kuhama."

Alikifunga kibati kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. "Basi wazee walihesabu vizuri," alisema, akaondoka bila kuaga.

Siku nne Zablon alifagia mahali palepale. Kilichomsumbua ni ile barua. Mmoravian anayehama usharika hupewa barua, na kule aendako hakaribishwi kwenye Meza ya Bwana mpaka aikabidhi. Mchungaji anayempokea huandika nyuma yake, kisha huiweka. Kwa hiyo barua ya Nikolaus ilikabidhiwa mahali fulani. Kama ilifika Kusini, imepotea. Lakini mtu wa Goweko aendaye Kusini hupita Tabora kwanza, na barua za zamani zilizopokelewa Tabora zilikuwa ndani ya debe, zimefungwa kwa kamba ya katani, hakuna aliyezigusa tangu yeye azihamishe paa lilipovuja.

Siku ya tano aliipata. Nyuma yake mchungaji wa wakati ule alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo wa kulala:

"Imepokelewa Tabora, Jumapili ya Matawi 1951. Mwenye barua amekataliwa na daktari wa waajiri. Uzito wake ratili tisini na tisa. Ameambiwa angoje anenepe. Anaona haya kurudi nyumbani kwa kuwa ameshaagwa. Anafyatua matofali hapa mjini."

Zablon akaenda kwenye kabati la vitabu vya Meza ya Bwana. Zamani, kabla ya Meza, mume na mkewe walikwenda kwanza kuzungumza na mchungaji habari za roho zao, naye akaandika majina. Akakuta, Pentekoste, tarehe 13 Mei 1951: "Nikolaus Ngollo na Kabula mkewe, wa Goweko. Mke amekuja mara ya tatu na unga na karanga. Wanakaa pamoja kwa mwashi wa matofali mpaka Jumanne. Wameomba habari hii isifike kwao." Na kurasa mbili mbele: "Juni 18. Nikolaus amepita mizani. Ameondoka kwa lori."

Alihesabu kwenye kalenda ya ukutani toka tarehe 13 Mei mpaka tarehe tisa Februari. Miezi tisa kasoro siku nne. Akahesabu tena akianzia nyuma. Kisha Zablon, ambaye maishani mwake alisubiri kupigiwa simu, akampigia Julieth.

Mama Recheli alikuja na treni iliyofuata. Zablon alimsomea mara mbili. Mama Recheli alikaa kwenye ndoo yake bila kugusa ugoro.

"Ratili tisini na tisa ndiyo kiasi gani?"

"Kama kilo arobaini na tano."

"Waliniambia alikuwa jitu," alisema. "Kumbe alikuwa mwembamba." Akapapasa fundo la kanga. "Mama alimlisha mpaka mizani ikamkubali. Unga wake ndio uliomshusha shimoni. Hilo ndilo hakuweza kulisema."

Zablon akairudisha barua ndani ya kitabu.

"Nikiwasomea haya, nazikwa kwa baba. Na baba anakuwa mtu aliyekataliwa mizani, mbele ya watu wanaojisifu kuwa ni kizazi cha wapagazi. Mama alilibeba neno hili zaidi ya miaka hamsini ili mumewe asichekwe. Nilitue mimi?"

Hakuwa akimtania safari hii. Alitaka jibu, na katika stoo hapakuwa na waliotangulia wa kuungana nao.

"Waliomba isifike kwao," Zablon alisema taratibu. "Hawakumwomba mchungaji asiandike. Yeye aliandika mbele yao."

Mama Recheli akainuka kwenye ndoo. "Utakuja kuwasomea."

"Labda mchungaji ndiye..."

"Mchungaji alijua barua iko kwenye debe?"

Mchungaji aliruhusu kitabu kitoke kwa siku moja. Jumamosi Zablon alishuka Goweko na barua ndani ya kitabu, kitabu ndani ya kitenge. Ukoo ulikuwa umekaa kwenye banda kando ya mabani, watu kama thelathini. Alisalimia wakubwa mmoja mmoja, kisha akatafuta mahali nyuma kabisa, juu ya kuni za kukaushia tumbaku.

Mama Recheli alisimama. "Nimeambiwa nilete karatasi. Nimeleta karatasi na msomaji wake. Msomaji yuko wapi? Haya, amejificha kwenye kuni. Zablon, njoo mbele, hapa hatuchomi watu."

Watu wakacheka. Zablon akaja mbele. Alikiegemeza kitabu kifuani, na sauti yake kwa maneno ya kwanza ilisikika na walio karibu tu. Lakini alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo kicheko kilivyokwisha. Alisoma mizani. Alisoma Pentekoste. Alisoma lori. Akataja hesabu ya miezi, akafunga kitabu.

Mzee Mayunga alivua kofia, akaivaa tena. "Kwa hiyo mhudumu, unatuambia baba yetu mkubwa alishindwa na mizani. Akajificha mjini anafyatua matofali, na sisi huku tunamwombea safari."

"Ndiyo, mzee."

"Na mke anatoka hapa, anakwenda, anarudi, mara tatu, na hakuna aliyemwona? Wino unaweza kuandika lolote."

Sauti ikatoka mkekani, kwa shangazi Nyamizi, dada mdogo wa Nikolaus, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa miaka kumi na sasa aliletwa kwenye vikao kwa kushikwa mkono.

"Karanga," alisema bibi yule.

"Nini, shangazi?"

"Mwaka ule nilichapwa kwa ajili ya karanga. Zilipungua ghalani, na unga nao ukapungua. Baba yako ndiye aliyenichapa, Mayunga. Nilisema si mimi. Kabula alikuwa anaaga kuwa anakwenda kwao kumuuguza mama yake, akirudi ananikuta nalia, ananishika kichwa, hasemi kitu." Alipapasa mkeka mpaka akaupata mguu wa Recheli. "Nilisema si mimi."

Mayunga alinyoosha mkono, na Mama Recheli akafungua yale mafundo mawili akampa kibati. Alikigeuza upande wa namba, akakipima uzito kiganjani, kitu chepesi kile, akamrudishia.

"Makaburi yako nyuma ya mabani, dada," alisema mwishowe. "Unapajua."

"Napajua. Nimepapita maisha yangu yote."

Mayunga hakuomba radhi, na Mama Recheli hakudai. Lakini chakula kilipotengwa, mke wa Mayunga alikuja mwenyewe akamshika mkono akamwingiza ndani.

Mama Recheli alifariki mwezi Desemba, tumbaku ikiwa bado changa shambani. Julieth alipopiga simu, Zablon alikuwa akipanga vitabu vya nyimbo. Alivipanga mpaka cha mwisho, akaenda nyumbani kufua shati jeupe. Alipokuwa akilianika aliikumbuka jioni ile ya Jumamosi, stesheni ya Goweko, Mama Recheli alipomsindikiza kwa mwendo wa kupumzikapumzika. Treni ilichelewa. Walikaa kwenye benchi bila maneno, na Zablon hakuona ugumu wa kukaa hivyo. Kichwa cha treni kilipoonekana, Mama Recheli alimtilia mfukoni karanga zilizofungwa kwenye gazeti, akamshika mkono asipande kwanza.

"Siku hiyo watakuja watu wengi," alisema, "wengine kuhakikisha tu kama kweli nazikwa pale. Wewe usikae kwenye kuni, Zablon. Kaa mbele."