Shangazi na Masikio ya Mcheza Raga

Juzi, tukisubiri kivuko cha kwenda Kamanga, nilimwona shangazi mmoja akimkagua mchumba wa binti wa kaka yake. Jamaa ni wa miraba minne, na masikio yake yamevimba yakajikunja kama vitumbua vilivyoungua. Binti, aliyekuwa anampeleka kwao kumtambulisha, alikuwa anauma kucha.

"Baba, hayo masikio ulipigania wapi?"

"Sikupigana, shangazi. Nilichezea timu ya taifa ya raga. Kule tunainama, tunaingiza vichwa katikati ya wapinzani na kusukumana. Masikio yanasagika humo humo."

"Lete mikono."

Akaipokea, akabinya vifundo vya vidole kimoja kimoja kama anayechagua nyanya sokoni. Hakuna kovu. Akashusha pumzi ndefu, akamgeukia binti.

"Aliyemwoa dada yako alikuwa na sura ya malaika. Makovu ya ngumi vidoleni mwake hatukuyatazama, na yaliyompata dada yako unayajua."

Halafu akamkabidhi mchumba kikapu chake na kucheka kwa mara ya kwanza. "Twende, baba, kivuko kimefika."

Tuliokuwa karibu tulicheka pia. Ila niliona wanaume kadhaa, wenye masikio mazuri tu, wakiingiza mikono mifukoni.